Kamera ya Kwanza ya Kijana Wako: Iliyotumika Inatosha



Ndugu wasomaji, kila inapokaribia likizo ndefu wazazi wa wanafunzi wangu hunijia na swali moja, kwa kuwa mimi ndiye ninayepiga picha za hafla za madrasa yetu. Kijana amemaliza mitihani, anataka kamera ya kweli ili apige picha za harusi na ajisaidie ada ya masomo. Je, wamnunulie ipi? Na karibu kila mara swali huja na jibu lake ndani. Wameshaiona dukani, mpya, iko kwenye boksi, ina lenzi yake moja na begi la bure, na pesa itakayopungua watakopa.

Naandika hapa lile ninalowajibu, ili aliyeko Bujumbura, Kigali, Kampala au Goma alisome kabla hajatoa pesa. Jibu langu ni kwamba msinunue mpya, na msikope. Nunueni bodi iliyotumika ya daraja la juu kidogo kwa pesa iliyopo mkononi, na sehemu kubwa ya pesa ipelekeni kwenye lenzi na taa.

Sitafungua mlango wa hukumu ya picha. Wanazuoni wamehitilafiana kwa muda mrefu, na anayefuata kauli ya kuzuia makala hii haimhusu, wala simbishii. Pia ikiwa haja yenu ni picha za watoto nyumbani na za Idd, simu mliyonayo inatosha, msipoteze pesa. Nazungumza na yule anayetaka kufanya kazi.

Tuanze na kwa nini bodi za zamani zimekuwa rahisi, maana wengi hudhani kitu rahisi kina ubovu. Mwaka 2018 Canon na Nikon walitoa kamera kubwa za aina mpya zisizo na kioo ndani, na tangu hapo wapiga picha wenye uwezo wamekuwa wakihamia huko na kuuza zile za kioo, yaani DSLR. Nikon D7000 ilipotoka mwaka 2010 iliuzwa takriban dola 1,200 bila lenzi. Leo inapatikana iliyotumika kwa chini ya robo ya bei hiyo, na nuru inayoingia ndani yake ni ile ile. Kamera haikuharibika, ila matajiri wamehama mtaa.

Sasa linganisheni na ile ya kwenye boksi. Kamera mpya za bei ya chini hupunguziwa vitu ambavyo mnunuzi wa mara ya kwanza hajui kuviuliza. Canon 4000D ya mwaka 2018 na 250D ya mwaka 2019 ziliondolewa ile pini ya katikati pale juu panapovikwa flashi. Kijana akinunua flashi rahisi ya kampuni nyingine, haiwaki. Nikon nao, kuanzia D40 ya mwaka 2006 na ndugu zake wadogo wa D3000 na D5000, waliondoa mota ya kusogeza lenzi, hivyo lenzi za zamani zilizo rahisi sokoni hazijilengi zenyewe, utazungusha kwa mkono huku bibi harusi anapita. D7000 ina mota hiyo, ina pini hiyo, na ina nafasi mbili za memori kadi. Nafasi mbili si mapambo. Kadi hufa, na harusi hairudiwi. Kijana aiweke kamera iandike kila picha kwenye kadi zote mbili.

Mwenye kutaka kupiga video zaidi kuliko picha, namwelekeza kwenye Canon 70D ya mwaka 2013, kwa sababu ndiyo ya kwanza ya Canon kuwa na mfumo wa kulenga unaofuata uso kwa utulivu wakati wa kurekodi. Ina nafasi moja tu ya kadi, na hilo alijue mapema.

Nije kwenye lenzi, na hapa nitakaa kidogo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza jinsi nuru inavyopita kwenye tundu dogo na kuchora sura za vitu vya nje ndani ya chumba chenye giza. (Vijana wangu hupenda kusema neno kamera limetoka kwenye Kiarabu. Limetoka kwenye Kilatini, maana yake ni chumba. Fahari ya mtu yule inatosha bila kuongezewa.) Kazi yote ya kamera ni tundu na chumba. Lenzi inayokuja na boksi, ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ndogo isiyovutika ya f/1.8 hupitisha nuru karibu mara kumi zaidi ya hiyo. Mara kumi! Harusi zetu ni baada ya Isha, chini ya taa mbili tatu, pengine umeme umekatika na jenereta inahema. Hapo bodi ya dola 150 yenye lenzi ya f/1.8 itatoa picha safi, na bodi mpya ya dola 500 yenye lenzi ya boksi itatoa ukungu na chengachenga.

Wengi watawaambia mnunue lenzi ya milimita 50. Ni nzuri na ni rahisi, lakini kwenye bodi hizi ambazo sensa yake ni ndogo, 50 huwa kama 75 kwa Nikon na kama 80 kwa Canon. Katika sebule ya Buyenzi yenye watu thelathini, kijana atarudi nyuma mpaka agonge ukuta, na bado hajawaenea. Kwa Nikon mimi napendelea ile ya milimita 35 f/1.8 iliyotoka mwaka 2009 kwa ajili ya bodi za aina hii. Ina mota yake yenyewe, na inaona karibu kama unavyoona kwa macho.

Flashi inunuliwe ile ya kuwekea nguvu kwa mkono, kama Godox TT600 au Yongnuo YN560. Kijana aipindue ielekee juu kwenye dari jeupe, nuru irudi ikiwa laini. Mkiwa ndani ya turubai la buluu asifanye hivyo, nyuso zote zitatoka buluu kama za wagonjwa. Afunge kipande cha karatasi nyeupe ngumu nyuma ya flashi, kazi imekwisha. Karatasi hiyo haiuzwi na mwenye duka la kamera, ndiyo maana hakuambii.

Kwa mtu mwenye dola 350, mgao wangu ni huu: bodi 150, lenzi 100, flashi 55, na zinazobaki ziende kwenye memori kadi mbili na betri ya pili. Bei hupanda na kushuka kwa mji na kwa muuzaji, lakini msikubali bodi imeze zaidi ya nusu.

Kununua kilichotumika kunahitaji macho. Nendeni na memori kadi yenu na kompyuta, au mtu mwenye nayo. Kamera za DSLR za Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, na programu nyingi za bure huisoma. Pazia la D7000 lilijaribiwa na kiwanda kwa picha 150,000. Yenye 40,000 ina maisha, yenye 140,000 ishushwe bei au iachwe. Piga picha ya ukuta mweupe tundu likiwa f/16: madoa meusi utakayoyaona ni vumbi, husafishwa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu na uchungulie upande wa pili. Ukiona kitu kama nyuzi za buibui, huo ni ukungu uliota ndani ya kioo, na katika miji yetu ya kandokando ya ziwa na ya pwani ni ugonjwa wa kawaida. Lenzi hiyo usiichukue hata kwa bure, wala usiiweke begi moja na nyingine. Fungua menyu ya betri, D7000 huonyesha umri wa betri kuanzia 0 hadi 4, na 4 ni mzee. Betri yake, EN-EL15, Nikon waliendelea kuitumia kwenye kamera nyingi zilizofuata, kwa hiyo haitawasumbua kuipata.

Halafu majina. Mizigo inatoka Dubai, Ulaya, Japani na Marekani, na kamera moja huja na majina matatu: Canon 700D ndiyo Rebel T5i ya Marekani na ndiyo Kiss X7i ya Japani. Asije mtu akawauzia kwa bei ya juu kwa kuwa jina ni geni. Na za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi menyu yake ni Kijapani kitupu, haibadilishwi.

Mwombeni muuzaji siku tatu. Mlango wa khiyari tunawasomesha watoto kwenye fiqhi, wanaukariri, kisha wakifika sokoni wanaona haya kuutaja. Muuzaji mkweli hatakataa kuandika kwenye karatasi kwamba ikionekana kasoro ndani ya siku tatu pesa itarudi. Na siku kijana wenu atakapouza yeye, aitaje kasoro kabla hajaulizwa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, na alimkemea mwenye kuuficha. Lenzi yenye ukungu ndani ni rundo lile lile.

Kuhusu mkopo, sitazunguka. Mkopo wa riba kwa ajili ya kamera ni haramu, na hata kwa hesabu ya dunia ni mbaya, kwa sababu harusi zina misimu. Ramadhani inapoingia kazi hukauka mwezi mzima, na deni halifungi. Kulipa kwa awamu kwa bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo wanazuoni wengi wameruhusu, ila msome kama kuna nyongeza ukichelewa. Upatu wa familia ni bora kuliko vyote hivyo. Nimeona ndugu watano wakichanga miezi saba, kamera ikaingia nyumbani haidaiwi na mtu.

Jambo la mwisho nalisema nikijua baadhi ya kina baba watanuna. Mnaniuliza kila mara kuhusu mvulana. Mnunulieni binti. Upande wa wanawake katika harusi zetu ndiko kwenye picha nyingi zinazotakiwa, na ndiko ambako mvulana wenu hapaswi kuingia. Familia ngapi zimeacha kupiga picha kabisa upande huo, au zimemwingiza mwanamume huku wanawake wakijifunikafunika na furaha ikikatika? Mtaani kwetu wasichana wanaoweza kazi hii unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wanaowataka ni wengi. Binti mwenye bodi ya zamani na lenzi ya 35 ana soko ambalo mvulana mwenye kamera mpya hana. Mama yake au shangazi amsindikize, arudi naye, na malipo yawe yake.

Ila amana yake ni nzito zaidi. Picha iliyofutwa kwenye memori kadi haijatoka mle ndani. Programu za kurudisha picha zipo za bure na yeyote huzitumia. Kadi ya upande wa wanawake isiazimwe kwa kaka, isipelekwe kwa fundi, wala isiuzwe pamoja na kamera siku ya kuiuza. Picha azikabidhi kwa bibi harusi mkononi, kwenye kadi au flashi diski, si kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na kabla ya kazi ya kwanza wakubaliane kwa maneno yaliyo wazi: nani atabaki na nakala, na kwa muda gani. Mimi ningeweka siku thelathini, kisha kila kitu kifutwe na kadi iandikwe upya mpaka ijae picha za ukuta.

Wabillahi tawfiq.