Maoni: Kama unatapika katika boti, mwambie muganga kabla ya operesheni

Mgonjwa akitoka chumba cha operesheni na kuanza kutapika, ndugu zake huulizana: amekula nini? Wengine humshuku jirani aliyeleta uji. Mara nyingi chanzo ni dawa ya usingizi na dawa kali za maumivu, na mtu angeweza kujua mapema.

Mwaka 1999, Christian Apfel na wenzake walionyesha kwamba mambo 4 yanatosha kukisia nani atapata kichefuchefu au kutapika: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwa na historia ya kutapika safarini au baada ya operesheni nyingine, na kupewa dawa za jamii ya morfini baadaye. Asiye na hata moja, hatari yake ni kama 10 kwa 100. Mwenye yote 4, karibu 80.

Sasa tuangalie mama zetu. Wengi hawavuti sigara, basi wanaingia tayari na mambo 2, sawa na hatari ya karibu 40 kwa 100. Yule ambaye boti ya Goma–Bukavu humwangusha kila safari anafikia 60. (Hiyo si sababu ya kununua sigara.)

Lakini ni nani anamuuliza habari za boti?

Dawa za kuzuia zipo. Deksametasoni hutolewa mwanzoni mwa usingizi, ondansetroni karibu na mwisho, na zote ziko katika orodha ya dawa muhimu ya OMS. Kwetu familia ndiyo inanunua dawa zilizoandikwa kwenye karatasi, na pesa zikipungua, ya kutapika inafutwa kwanza, eti ni starehe. Mimi nakataa. Aliyeshonwa tumbo jana, kila kutapika kunavuta mshono. Aliye bado nusu usingizini, matapishi yanaweza kuingia katika mapafu. Ndiyo maana wauguzi humlaza kwa ubavu, na ndugu wasimgeuze.

Familia nazo zina kosa lao. Mgonjwa anaambiwa asile kwa saa 6, na maji aache saa 2 kabla, halafu shangazi anamletea bugali kwa siri kwa sababu ya huruma. Kama amekula, semeni. Operesheni isiyo ya haraka inaweza kungoja hadi jioni au kesho.

Nawaomba waganga waongeze swali la safari wanapomuandaa mgonjwa. Wasipouliza, shangazi, sema wewe.