Kichanga analia usiku? Jiko la mkaa lisiingie chumbani

Juni na Julai, upepo wa Singida unapovuma usiku, wazazi wengi hudhani kichanga analia kwa sababu ya baridi tu. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango na dirisha vinafungwa. Mzazi, usifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuwaua mama na mtoto wakiwa usingizini.

Mara nyingi anayelia ana njaa. Kichanga hulala takriban saa 16 kwa siku, lakini kwa vipande vifupi. Tumbo lake ni dogo, hivyo huhitaji kunyonya kila baada ya saa mbili hadi tatu, mchana na usiku. Usimpe uji wa uwele wala maji ili alale. Hadi miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama pekee.

Mfundishe usiku taratibu. Mchana akae penye mwanga, ongea naye. Usiku punguza taa, mnyonyeshe kimya kimya, mcheulishe, kisha mlaze chali.

Akiwa na baridi, mvishe kofia, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike kanga na blanketi, uso wake ukiwa wazi. Baba naye anaweza. Ukianza kusinzia, mpokezane.

Ila kichanga akilala mno hadi hataki kunyonya, akiwa na joto kali, au akibaki wa baridi hata baada ya kumpakata, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Usisubiri kukuche.