Kulea Si Kusaidia

Katika mazungumzo yetu ya kila siku limo neno moja linalopita bila kuulizwa hati za kusafiria. Neno hilo ni "kusaidia". Husemwa kwamba bwana fulani ni mume mwema kwa kuwa humsaidia mkewe kulea watoto. Hebu tulitazame neno hilo vizuri. Anayesaidia si mwenye kazi. Mwenye kazi ni yule anayesaidiwa. Jirani akinisaidia kuvuna mtama, shamba ni langu, si lake. Basi baba anapomsaidia mama kumlea mtoto wao, mtoto huyo ni wa nani?

Hoja yangu ni hii: hapa Uganda, na kwa jirani zetu pia, tumemkaribisha mwanamke katika kazi ya mshahara bila kumtaka mwanamume aingie katika kazi ya malezi. Matokeo yake ni kwamba mwanamke ana zamu mbili, mwanamume ana moja, kisha tunashangaa kwa nini mwanamke hapandi cheo. Hali hii haikuumbwa pamoja na milima ya Rwenzori. Imejengwa na sheria, waajiri, shule na ndimi zetu, na kilichojengwa na watu kinaweza kubomolewa na watu.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Wazazi, si mama peke yake. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Siku nne! Mama aliyejifungua kwa upasuaji bado anashikilia ukuta akitembea, na baba amekwisha kurudi kazini. Kwa kila siku 15 za mama, baba ana moja. Katiba inamwita mzazi, ilhali sheria ya ajira inamchukulia kama mgeni aliyekuja kutoa pongezi.

Jirani zetu nao si malaika. Tanzania, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2004, ilimwekea baba siku zisizopungua 3. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ilifika wiki 2, na mbingu hazikuanguka juu ya Nairobi.

Wapo watakaosema kwamba tofauti hiyo inampendelea mwanamke. La hasha. Mbele ya mwajiri wameketi waombaji wawili wenye umri wa miaka 27, wa kike na wa kiume, na vyeti vyao vinalingana. Mwajiri anajua kwamba mmoja anaweza kuondoka siku 60 na mwingine siku 4, na kwamba mshahara wa siku hizo utatoka mfukoni mwake mwenyewe. Atamchagua nani? Ngao tuliyompa mwanamke imegeuka kuwa alama ya kumtambulisha ili akwepwe. Mimi nimeishi katika vyumba vya walimu vya kutosha kujua mikataba inavyokataa kuhuishwa mara tumbo la mwalimu linapoanza kuonekana. Hakuna anayeandika sababu. Huambiwa tu kwamba muhula ujao idadi ya vipindi imepungua.

Dawa ya ugonjwa huu haiko mbali. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2016 ya kuanzisha mfuko wa likizo ya uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 0.3, awe mwanamume au mwanamke, na mfuko huo hubeba malipo ya sehemu ya pili ya likizo. Tazama hekima yake: gharama ya kumleta raia mpya duniani haimwangukii tena mwajiri mmoja aliyemwajiri mama, bali hugawanywa kwa wote. Hao wote watahudumiwa siku moja na madaktari, wakulima na askari waliolelewa na akina mama hao.

Wa pili hudai kwamba maumbile yamekwisha kuamua, kwani mwenye maziwa ni mama. Nakubali kuhusu maziwa, wala sina la kupinga. Ila kufua nepi hakuhitaji maziwa. Kuchota maji, kupika uji, kupanga foleni zahanati na kukesha na mtoto mwenye homa havihitaji maziwa. Tena, kama kweli tunayaheshimu maziwa hayo, mbona Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, nasi tunamrudisha mama kazini baada ya wiki 12? Tunayatumia maumbile kumfunga mama jikoni, kisha tunayasahau mshahara unapotajwa.

Wa tatu hushika mila: mume ni mtafutaji, mke ni mlezi. Huyo na aende Nakasero au Owino kabla jua halijachomoza, atazame ni nani anayepanga nyanya na matoke. Aende vijijini atazame mikono iliyoshika majembe. Mwanamke wa Uganda amekuwa mtafutaji tangu zamani. Sehemu ya mila iliyobaki ni ile tu inayompumzisha mwanamume jioni.

Hali hii imeenea duniani kote. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za malezi na utunzaji zisizolipwa. Aidha, wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu hayo, wakati wanaume wa namna hiyo walikuwa milioni 41. Serikali yetu inalijua jambo hili. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Uganda iliiridhia mwaka 2010, inazitaka nchi zitambue thamani ya kiuchumi ya kazi ya mwanamke nyumbani, na inasema kwamba wazazi wote wawili wana jukumu la kwanza la malezi.

Nisizisahau shule, maana ndiko niliko. Mpe mwanafunzi insha kuhusu familia yake, naye ataandika: "Baba ni dereva. Mama hafanyi kazi." Mama huyo aliamka saa kumi na moja alfajiri, na sare aliyovaa mwandishi wa insha ilifuliwa na mama huyo. Daftari la shule lina namba za simu za wazazi wawili, lakini mtoto akiugua darasani, simu hupigwa kwa mama, hata kama yuko kazini mbali na baba yuko jirani. Baba akitokea katika mkutano wa wazazi hupigiwa makofi. Mama asipotokea huulizwa ana shughuli gani. Hayo nayo ni mafunzo ya uraia, ingawa hayamo katika mtalaa.

Wenye uwezo hujibu kwamba wao wamepata yaya. Haya, na yaya ni nani? Mara nyingi ni msichana aliyeacha shule kijijini, katika nchi ambayo kima chake cha chini cha mshahara, shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984. Mume hakubeba mzigo. Ulishushwa kutoka kichwa cha mwanamke mmoja na kutwishwa mwanamke maskini zaidi, naye ana mdogo wake aliyemwacha nyumbani bila mlezi.

Kwa hiyo nayadai mambo manne. Bunge limpe baba likizo isiyopungua wiki 2, asiyoweza kuiuza wala kunyimwa. Ianzishwe hazina ya pamoja ya likizo ya uzazi. Kazi ya yaya itambuliwe kuwa kazi, yenye mkataba na mshahara wa kibinadamu. Na shule ziache kumwita mama peke yake. Namba ya baba haikuandikwa daftarini iwe pambo.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Walisema tena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hawakutaja popote kwamba mkono wa pili unatoa msaada. Uchaguzi unapokuja na mgombea akisimama mbele yako kuomba kura, muulize yeye ni mzazi kwa siku ngapi kisheria, na kama siku nne zinamtosha. Ukifika nyumbani leo, baba, usiulize usaidie nini. Tazama kilichobaki, ukifanye. Mtoto ni wako.