Moshi wa Jikoni Nao ni Gesi ya Sumu

Ipo kasumba miongoni mwa baadhi ya watendaji kwamba gesi ya sumu ni jambo la viwanda vikubwa vya nchi za mbali. Itajwapo, fikra zao hukimbilia Bhopal, India, ambako usiku wa Desemba 2 kuamkia Desemba 3, 1984, gesi iliyovuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu iliua maelfu ya watu. Na kwa kuwa Kilole, mjini Korogwe, haijapatwa na msiba wa namna hiyo, basi huonekana hakuna kazi ya kufanya.

Hilo ni kosa kubwa. Sumu inayowafikia wananchi wa Kilole haihitaji bomba refu la kiwanda. Hutoka katika jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, madirisha yakiwa yamefungwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200, na aliyelala huenda asiamke. Mpishi wa shule, anayeinama juu ya sufuria la uji wa mamia ya watoto, yeye hauawi kwa usiku mmoja. Huumizwa mapafu na macho mwaka hadi mwaka. Takwimu ambazo Serikali yenyewe imekuwa ikizitaja ni vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka nchini kwa sababu ya moshi wa kupikia. Laiti vifo hivyo vingetokea barabarani, pasingekaliwa kimya hata wiki moja.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007, zikiitaja kaboni monoksaidi pamoja na gesi ya salfa. Lakini kiwango kisichopimwa ni karatasi tu. Mkaguzi huenda kiwandani; jikoni mwa shule haendi, maana huko moshi umehesabiwa kuwa sehemu ya upishi.

Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Agizo lilikuwa jema. Mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Hata hivyo umangimeza una desturi ya kuligeuza agizo kuwa barua, na barua kuwa tishio kwa mwalimu mkuu asiye na fungu la kununulia jiko. Vivyo hivyo mtungi wa kilo 6 wa ruzuku: siku ya kugawiwa hupigwa picha, lakini ukiisha gesi, mama mwenye kipato kidogo hurudi kwenye mkaa unaouzwa kwa kopo.

Yafaa kukumbuka London. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe, sehemu kubwa ukitoka katika meko ya majumbani, ulitanda kwa siku tano na kuua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya wakati ule. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilizipa halmashauri uwezo wa kutenga maeneo ambamo moshi ulikatazwa. Lakini haikuishia kukataza. Mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa si chini ya sehemu saba katika kumi za gharama. Ikiwa nchi ya kibepari ilitambua kwamba mnyonge hawezi kutii amri asiyoimudu, Halmashauri ya Mji wa Korogwe itatoa udhuru gani ikipitisha bajeti isiyo na fungu la majiko ya shule?

Kazi ianze na hatua ndogo. Maofisa wa afya na mazingira waingie jikoni mwa shule saa tatu asubuhi, uji ukiwa motoni, wakiwa na kifaa cha kupimia hewa, na matokeo yasomwe mbele ya Baraza la Madiwani kabla fedha za mwaka hazijagawanywa. Watakaotoka humo wakifuta machozi wasiandike katika taarifa kwamba hali ni ya kuridhisha.