Usiseme "Tumezoea" Kikohozi cha Mtoto



Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake wodini kwetu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minne, kifua kinakoroma, pua inatoka kamasi nzito. Nilipouliza kikohozi kilianza lini, bibi akanijibu: "Sista, huyu anakohoa tangu azaliwe. Tumezoea." Kikapuni alikuwa na chupa tatu za dawa ya maji ya kikohozi, zote zimekwisha.

Neno hilo "tumezoea" ndilo ninalotaka kulipinga leo. Ili tuelewane, kwanza tutazame jinsi mapafu yanavyojisafisha.

Ndani ya pua na mirija ya hewa mna vinyweleo vidogo mno, ambavyo huonekana kwa darubini tu. Seli moja huwa na vinyweleo kama 200. Hupiga kwa mfuatano kuelekea upande mmoja, mara 10 hivi au zaidi kwa kila sekunde, kama shamba la mpunga linavyoyumba kwa upepo. Juu yake kuna ute unaonasa vumbi na vijidudu. Vinyweleo huusukuma ute huo hadi kooni, nasi huumeza bila hata kujua. Hayo ndiyo mafagio ya mapafu, nayo hufanya kazi usiku na mchana.

Mafagio yakiharibika, uchafu hubaki ndani, vijidudu huzaliana, na mwili hubaki na njia moja kubwa ya kujisafisha: kukohoa. Kwa hiyo kunyamazisha kikohozi chenye makohozi bila kutafuta chanzo chake ni kufunga mlango wa kutolea taka.

Adui wa kwanza wa vinyweleo hivi ni moshi, uwe wa sigara au wa kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2, na kati ya hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hata hivyo, katika nyumba zetu baba hununua simu mpya wakati jiko halina hata dirisha, na mama anapika humo akiwa na mtoto mgongoni. Kwa maoni yangu, dirisha la jiko ni dawa ya kifua kuliko chupa nyingi za dukani. Kuni ziwe kavu, moshi upate pa kutokea, na mtoto akae mbali na moto. Anayevuta sigara aache. Vinyweleo huanza kupata nafuu, na akikohoa zaidi katika wiki za mwanzo asiogope: mafagio yameamka.

Adui wa pili ni kifaduro. Vijidudu vyake hung'ang'ania kwenye vinyweleo na kuua seli zake. Ndiyo maana mtoto huendelea kukohoa kwa wiki nyingi, hata baada ya vijidudu kwisha. Chanjo yake imo katika zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama asikose hata moja.

Lakini wapo watoto wachache wanaozaliwa na vinyweleo visivyopiga sawasawa. Turudi kwa mjukuu wa bibi yule. Picha ya eksirei ilionyesha kuwa moyo wake uko upande wa kulia. Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Zurich, Uswisi, alieleza habari za wagonjwa wa namna hiyo: moyo kuliani, pua na kifua visivyopona. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Stockholm, Sweden, alieleza sababu yake: vinyweleo vyao havipigi. Mtoto anapokuwa bado tumboni, vinyweleo vya namna hii husaidia kupanga upande wa moyo na ini. Visipofanya kazi, karibu nusu ya watoto hao huzaliwa viungo vikiwa vimegeuka upande.

Majirani walikuwa wamekwisha kumsema mama wa mtoto yule kwamba alivunja mwiko. Haikuwa hivyo. Kwa kawaida ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe ni wazima. Hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini mtoto akifundishwa mazoezi ya kutoa makohozi, akitibiwa mapema kila kifua kinapochafuka, na masikio yake yakipimwa, mapafu yake yanaweza kulindwa yasiharibike haraka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kikohozi kikizidi wiki mbili, njooni tupime, kwani huenda pia ni kifua kikuu. Mtoto akipumua haraka kupita kawaida, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, msingoje kesho. Na kama anakohoa makohozi tangu azaliwe, mwambieni mganga hivyo waziwazi. Bibi yule alichelewa miaka minne, si kwa kukosa upendo, bali kwa kuzoea.