Illimité Yenye Mupaka, Jina Lake Si Illimité

Wandugu wachimbaji, wamama na vijana wa cité zetu, leo tunasema juu ya neno moja tu, lenye tunanunua na feza ya jasho letu: illimité.

Illimité, kwa Kiswahili chetu, ni bila mupaka. Mutu anasoma neno ile kwenye afishi ao kwenye SMS. Anatoa franka zake, anapiga kode, anapata ujumbe wa kumupongeza. Siku ya kwanza intaneti inakimbia. Siku ya pili ao ya tatu inaanza kutambaa. Picha haifunguke, sauti ya WhatsApp inazunguka bila kufika, video ya somo ya mutoto inasimama katikati. Forfe haijaisha, siku zake bado ziko. Ni nani alifunga robine? Ni kampuni yenyewe. Inapunguza mwendo kwa sababu inaona umetumia mingi kupita kiasi. Lakini kitu chenye hakina mupaka, mutu anaweza namna gani kukipitisha kiasi?

Tusikie kampuni kwanza, sababu delege mwenye hasikilize upande wa pili hashinde mazungumuzo. Wanasema: antena ni moja, watu ni wengi. Ni kweli. Antena iko sawa robine ya avenue: wote wakifungua pamoja, maji inapunguka. Tena huku kwetu kuna antena mingi zinaishi na mazutu, sababu moto ya SNEL haifike, ao inafika na kukatika. Ile gharama tunaijua. Kama saa ya magaribi watu wamejaa kwenye antena, na kampuni inagawanya ili kila mutu apate kidogo, tunaweza kuelewa.

Chenye tunakataa ni kingine. Mutu wa posti ya usiku anatoka saa 8 ya usiku, cité nzima imelala, hakuna mutu kwenye antena, na intaneti yake bado inatambaa. Pale si msongamano tena. Ni kontere imesema amepita giga fulani. Na ile hesabu ya giga iliandikwa chini kabisa, na herufi ndogo sawa sisimizi, mara ingine kwa Kifaransa cha maavoka. Kama sheria ya forfe ni kontere, basi ile forfe ni ya giga fulani, na jina lake la kweli ni ile giga. Waiuze na jina lake.

Wamama wanaelewa jambo hili kuliko sisi wote. Mufuko ya bunga ikiandikwa kilo 25, mama anaiweka kwenye kilo na anakuta 20, hatakubali hadithi ya mashini kuchoka. Atairudisha kwa mwenye duka na majirani watasikia. Wazee wetu wa wakati ya Union Minière nao walijua kuangalia mposho kama imetimia. Shida ya giga ni kwamba haionekane kwa macho wala haipimwe kwa mukono. Mwenye kuuza ndiye mwenye kushika kilo.

Mambo haya hayakuanzia Kongo. Tuangalie Marekani, moja ya masoko makubwa ya simu zenye batri yake inatengenezwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Kule kampuni AT&T iliuza intaneti ya illimité kwa watu wenye simu ya iPhone. Mwaka 2010 iliacha kuiuzia watu wapya, lakini wa zamani iliwaachia. Mwaka 2011 ikaanza kuwapunguzia mwendo. Mwaka 2014 tume ya serkali yenye kulinda wanunuzi, FTC, ikaishitaki kwenye tribinali. Mashitaka yalisema nini? Watu zaidi ya milioni 3,5 walipunguziwa. Wengine walifikiwa kisha kutumia giga 2 tu kwa mwezi. Mwendo ulishuka mara ingine karibu asilimia 90. Na kubwa zaidi: walipunguziwa hata kama rezo haikujaa. Ni ile ile saa 8 ya usiku yenye tumesema.

Kampuni haikupiga magoti mbio. Ilileta maavoka kusema kwamba ile tume haina haki ya kuihukumu. Mabishano juu ya haki ile peke yake yalienda mpaka 2018. Mwaka 2019 ndipo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60 ili mambo iishe. Ni feza mingi kwa masikio. Lakini gawanya kwa watu milioni 3,5: ni kama dola 17 kwa mutu, kisha miaka 8. Tunajua hesabu ya namna ile, sisi wenye tumengojea dekonti za mwisho miaka na miaka.

Lakini kuna jambo lingine katika mapatano yale lenye linapita ile feza. Kampuni ilikatazwa kutangaza illimité bila kuonyesha mupaka wake wazi wazi. Si mu herufi ndogo, si mahali pa kufichama. Jina na mupaka wake lazima vionekane pamoja. Njo kitu yenye tunataka hapa.

Kuna na habari ya mutu mumoja wa California. Mwaka 2012 alienda peke yake kwenye tribinali ndogo, akashitaki kampuni ile ile kwa kumupunguzia mwendo, na tribinali ikasema alipwe dola 850. Mutu mumoja mwenye makaratasi yake mikononi alipata mara mingi kuliko wale mamilioni wenye walingojea. Tusikie vizuri: alikuwa ameweka ushuhuda.

Wengine watasema: «Ninyi wa sendika, shugulikeni na mushahara na helmeti, muache mambo ya simu.» Tunajibu na mambo mawili.

La kwanza, mushahara si ile tu yenye inaandikwa kwenye karatasi ya malipo. Ni ile yenye inafika mu nyumba. Tukipigania ongezeko kwenye meza ya mazungumuzo, kisha franka zitoke moja moja kupitia forfe yenye haitimize neno lake, tumefanya kazi ya kujaza kapu yenye imetoboka. Baba mwenye analala kambi juma mbili ao tatu, simu njo mulango wake wa nyumba. Mwanafunzi anatumia simu ya mama kwa kusoma. Wandugu bacreuseur wanaangalia bei ya shaba na kobalti kwenye simu kabla ya kwenda kwa mununuzi. Mwenye haione bei, atakubali ile yenye anatajiwa.

La pili ni usalama. Mwaka 2018, California iliwaka moto mukubwa wa pori. Wazima-moto wa Santa Clara walikuwa na gari la kupanga kazi, lenye kutumia intaneti ya Verizon, forfe yenye iliuzwa kama illimité. Kampuni ikaipunguza mpaka sehemu moja juu ya 200 ya mwendo wake wa kawaida, moto ukiendelea. Walipoomba msaada, waliambiwa wanunue forfe ya bei ya juu. Kampuni ilisema kisha kwamba mutumishi wake alikosea, kwa sababu wakati wa hatari mwendo unapaswa kurudishwa. Kama kosa lile linafikia wazima-moto wa inchi tajiri, sisi tuseme nini? Siku udongo unabomoka kwenye karyeri, watu wanatafuta habari na majina kwenye simu kabla ya tangazo lolote. Saa ile si saa ya kuambiwa umetumia mingi.

Wandugu, tusikate tamaa kusema kampuni ni kubwa. Tukumbuke taxe ya RAM. Ilianza 2020, ikawa inakula maunite yetu kwenye simu. Watu wakalalamika mu barabara, mu redio, mpaka mu Bunge. Mwaka 2022 ikatolewa. Haikutolewa na huruma. Ilitolewa sababu kelele ilikuwa ya wote kwa pamoja, na jambo lilikuwa na jina.

Inchi yetu iko na sheria ya mawasiliano, sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Iko na ARPTC, ofisi yenye kazi yake ni kusimamia kampuni za simu. Tunaiomba ilazimishe mambo manne.

Moja: penye kampuni inaandika illimité, iandike palepale, na herufi za ukubwa ule ule, ni giga ngapi kabla ya kupunguziwa, na mwendo utashuka mpaka wapi. Iandike kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili, sababu ni luga ya taifa na njo luga ya mununuzi. Kama haitaki kuandika, iache neno illimité.

Mbili: siku mwendo unapunguzwa, SMS itumwe kusema kwa nini na mpaka saa ngapi. Kampuni inajua kutuma SMS kumi za kuuza. Itume moja ya kusema kweli.

Tatu: kama sababu ni rezo kujaa, mwendo upunguzwe penye imejaa na saa imejaa, si usiku kucha mahali kote.

Ine: mwenye alinunua bila kuambiwa mupaka, arudishiwe siku zake ao feza yake.

Na sisi tufanye kazi yetu. Ukinunua forfe, usifute SMS ya kununua. Piga picha ya tangazo na herufi zake ndogo. Intaneti ikianza kutambaa, andika tarehe, saa na mahali. Andika zaidi ile ya usiku, sababu usiku kampuni haina msongamano wa kusingizia. Kila delege afungue kaye moja na akusanye. Wanawake wa cité waandike pia, kwa sababu mara mingi wao njo wenye wananunua forfe ya nyumba. Karatasi ya mutu mumoja ofisi inaweza kuipoteza. Kaye kumi zenye majina, tarehe na saa, kutoka Kolwezi, Fungurume, Likasi, Kipushi, si rahisi kuzipoteza.

Hatuombi intaneti ya bure. Tunalipa. Tunaomba mufuko iwe na kilo zenye zimeandikwa juu yake. Mwisho wa mwezi huu, tuleteane zile kaye.