Kidonge cha foliki si badala ya dawa ya presha

Mwezi uliopita nilimkuta mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, akimeza kidonge kipya. Muuzaji mmoja wa dawa hapa Kigali alimwambia kuwa asidi ya foliki husafisha damu na kulinda moyo. Fedha alizokinunulia zilikuwa za dawa yake ya shinikizo la damu. "Mwanangu, hii ni vitamini tu, haina madhara," akanijibu.

Mimi ni mwalimu, si daktari, lakini jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Ni kweli kwamba homosisteini ikizidi katika damu, magonjwa ya moyo na kiharusi huonekana zaidi. Ni kweli pia kwamba foliki huipunguza. Kosa letu ni kudhani kuwa kipimo kikishuka, basi hatari nayo imeshuka.

Mwaka 2006, utafiti wa HOPE-2, ulioongozwa kutoka Kanada, ulitoa matokeo ya watu 5,522 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa na kisukari au ugonjwa wa mishipa ya damu. Waliopewa foliki pamoja na vitamini B6 na B12 kwa takriban miaka mitano, homosisteini yao ilishuka. Kiharusi kilipungua, lakini hapakuonekana kinga ya kuaminika dhidi ya shambulio la moyo wala vifo vya moyo.

Watetezi wa vidonge watanitajia China. Naam, mwaka 2015 uchunguzi wa watu zaidi ya 20,000 wenye presha ulionyesha kuwa waliopewa foliki walipata kiharusi 27 katika kila 1,000, na wenzao 34. Lakini wote walikuwa wakimeza dawa ya presha, enalapril. Foliki iliongezwa juu ya dawa, haikuchukua nafasi yake. Mama alifanya kinyume.

Wala si kweli kuwa haina madhara. Mzee aliyepungukiwa vitamini B12 akimeza foliki nyingi, upungufu wake wa damu unaweza kufichika huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Naomba nieleweke. Mjamzito na anayetarajia kushika mimba wasiache foliki, kwani humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Nasema juu ya wazee wetu.

Nikiwa mwanafunzi ukimbizini Tanzania, tulinung'unikia maharage ya kila siku. Kumbe sahani ile ilijaa foleti! Maharage na mboga za majani hayajakosekana sokoni Kimironko.

Rai yangu ni kwamba muuzaji wa dawa amuulize mzee anatumia dawa gani kabla ya kupokea fedha yake. Nasi watoto tuwasindikize wazazi wetu kupimwa presha, hata katika Siku Bila Magari iliyoanzishwa Kigali mwaka 2016. Mzee mwenye haba ya fedha anunue kwanza dawa aliyoandikiwa na daktari.